Mchezaji wa Sita wa Bohari la Kasulo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa filimbi kabla ya kupewa chaki. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori la mchanga pale Kasulo, viatu mkononi kwa sababu ya tope, cheti cha ualimu nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama barazani. Nikamwamkia shikamoo, naye badala ya kuitika akanitazama miguu.

"Umezaliwa wapi?"

"Kibimba, Mwalimu Mkuu."

"Mtu wa milimani. Hiyo miguu imepanda sana. Basi marahaba. Utachukua halaiki."

Nikamweleza kwamba mimi nimesomea Hisabati. Akasema ni vizuri sana, kwa kuwa halaiki ni mistari na pembe, akanikabidhi filimbi yenye kamba nyeusi iliyoliwa na jasho la mwalimu aliyenitangulia. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa kufundisha hesabu na nikastaafu nikiwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Sijawahi kumlaumu Mwalimu Mkuu yule. Kila nikimkumbuka namwombea mema huko aliko.

Ninyi walimu vijana mnaonisoma mmezoea spika ndogo za kuchaji na video za simu. Sisi halaiki tuliipanga kwa vigingi, kamba ya katani na chokaa. Unachora uwanja mzima kwa miraba, kila mtoto anakijua kigingi chake, kisha unavitoa vigingi kimoja kimoja hadi watoto waweze kusimama mahali pao bila alama yoyote. Mwalimu anapanda juu ya meza na bendera mbili. Nyekundu ikiinuka, safu za mbele zinachuchumaa. Njano ikiinuka, za nyuma zinanyoosha mikono, na kutoka jukwaani mgeni rasmi anaona mwenge, au jembe, au ramani ya nchi. Mara moja ramani yetu ilitoka bila Ziwa Victoria. Watoto wa ziwa walikuwa wamekwenda kunywa maji.

Bosi wangu katika mambo hayo alikuwa Afisa Utamaduni wa Wilaya, mtu mfupi mwenye sauti ya kanisani. Alikuja kutukagua kwa pikipiki kutoka Ngara mjini, na hakushuka kabla hajaona mistari. Akiona mmoja umepinda alisema tu, "Mwalimu Konsolata, narudi nilikotoka," akawasha pikipiki. Tulimwogopa, lakini alitufundisha kazi.

Nilikuwa na miaka michache kazini alipoletwa Keiko. Alikuwa Mjapani, karibu miaka thelathini, amekuja kujitolea kufundisha michezo. Kiswahili alikuwa amekisoma darasani kabla ya kufika, kikawa safi mno kuliko chetu. Alisema "tafadhali" hata kwa mbuzi waliolala njiani. Mwalimu Mkuu alimkabidhi kwangu kwa maneno haya: "Huyu ni mwenzako wa viungo. Mpeleke akaone bohari."

Bohari lile lilijengwa wakati wa wakimbizi, ili kuhifadhi chakula cha msaada. Watu wengi walikuwa wamesharudi kwao, wengine wamebaki kulima nasi na kuoana nasi, na jengo likabaki tupu mikononi mwa wilaya. Sakafu yake ilikuwa ya saruji laini, na paa lake la bati lilikuwa juu sana. Keiko aliingia, akatazama juu, akavua viatu. Akaokota gunzi la hindi sakafuni, akalirusha karibu na paa, akazunguka mara mbili kwa ncha ya mguu na kulidaka bila kulitazama. Nilipiga kelele. Nikamuuliza huo ni uchawi gani, akaniambia ndiyo kazi aliyoifanya tangu akiwa na miaka mitano.

Kazi hiyo ni jimnastiki ya wasichana inayochezwa kwa muziki, kifaa kikiwa mkononi. Vifaa vyake ni kamba, ringi, mpira, virungu viwili, na utepe mrefu uliofungwa kwenye kijiti. Ringi tulizitengeneza kwa bomba la maji la plastiki, tukiunga ncha zake kwa kipande cha mti. Virungu alichonga seremala wa hapo hapo, akilalamika kwamba hajawahi kuona mwiko usiopika kitu. Tepe tulishona wenyewe kwa kitambaa cha satini kutoka sokoni, na zulia letu lilikuwa maturubai yaliyounganishwa na kutandikwa juu ya maganda ya mpunga. Mipira peke yake ndiyo iliyotoka kwao.

Tulikuwa tunashona tepe hizo aliponieleza maisha yake. Timu huwa na wasichana watano juu ya zulia, na wa sita ni wa akiba. Alipokuwa binti wa sekondari aliitwa kwenye timu ya nchi yake kama mchezaji wa sita. Wa akiba lazima ajue nafasi zote tano, maana hajui nani atavunjika mguu. Kwa hiyo alifanya mazoezi kuliko wote, akasafiri nchi nyingi, akakaa kwenye benchi amevaa koti la michezo lililofungwa zipu hadi shingoni, mwaka baada ya mwaka, hadi nyonga ikaharibika na daktari akamwambia basi.

"Hukucheza hata mara moja?" nilimuuliza.

"Mashindano makubwa, hata mara moja."

Niliumia kama vile nimenyang'anywa mimi. Nikamwambia hao makocha wao hawakuwa na utu. Akasema hapana, walikuwa waadilifu, wale watano walikuwa bora. Kisha akauma uzi na kuniomba sindano nyingine.

Tulichagua wasichana watano. Mkubwa wao alikuwa Yudita, aliyetimiza miaka kumi na minne, binti wa familia iliyotoka Burundi. Aliyempita kwa wepesi alikuwa Kabula, Msukuma, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Shinyanga, wakakaa kwanza Lusahunga kisha wakapata shamba kwetu. Baba yake Kabula alikuwa katika kikundi cha wakulima wanaolima kwa ngoma, wale wanaorusha majembe hewani na kuyadaka wakicheza. Mtoto aliyekulia pembeni mwa majembe yanayoruka hawezi kuogopa mpira. Alidaka kwa mkono wa kulia, wa kushoto, hata mgongoni.

Wenzake walitusumbua. Sheria ya mchezo inataka mpira udakwe kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ukisaidia, mwamuzi anakata alama. Keiko aliwarushia, wao wakadaka kwa mikono miwili. Akarudia wiki baada ya wiki. Alidhani wanaogopa, akaanza na mipira myepesi ya matambara. Wapi! Mikono miwili. Siku moja akanivuta kando.

"Mwalimu Konsolata, kwa nini wanapiga goti?"

"Goti gani?"

"Wakidaka. Tazama."

Nikatazama, na ndipo nikaona kitu nilichokuwa nakitazama kila siku. Kila mpira uliotoka kwa Keiko ulipokewa kwa mikono miwili na goti likishuka kidogo. Mimi sikukiona kwa sababu kwangu hapakuwa na cha kuona. Mtu mzima akikupa kitu, unakipokea kwa mikono miwili na unainama. Mama zao waliwafundisha hivyo kabla hawajaweza kutamka majina yao. Kudaka kwa mkono mmoja kitu alichorusha mwalimu kungekuwa sawa na kumwambia leta hapa.

Nilimweleza Keiko nikidhani atakasirika. Akacheka hadi akakaa chini, akifuta machozi. Kwao pia, alisema, kitu hupokelewa kwa mikono miwili na kichwa kinainama. Kocha wake wa kwanza alimwondolea tabia hiyo akiwa mdogo, kwa kumpiga fimbo kwenye mkono uliozidi. "Mimi sitawapiga," akasema. "Tafuta njia nyingine."

Njia niliyoipata ni ya mwalimu wa Hisabati. Nikaagiza sisi watu wazima tusirushe mpira tena. Warushiane wao kwa wao, rika moja. Ikafanya kazi, isipokuwa kwa Yudita. Kila aliporusha yeye, Anitha, mmoja wa wale watano, alidaka kwa mikono miwili na goti.

"Yudita si mwalimu wako," nilimfokea.

"Ndiyo, mwalimu. Ila ni shangazi."

Kwa hesabu ya ukoo Yudita alikuwa shangazi yake kweli, ingawa walichangia daftari. Wengine wawili walikuwa majirani wa ukoo huo na wakamwita shangazi vilevile. Kabula peke yake hakuhusika. Basi tukapanga mchezo upya: mipira yote ya Yudita iende kwa Kabula, kisha Kabula awagawie wengine. Tangu hapo mchezo ukaanza kutiririka, na nilikuwa nikisimama mlangoni najisikia tajiri.

Wakati huo ndipo bohari lilipoanza kututoka mikononi. Mavuno yalikuwa mazuri, na mahindi ya wakulima yalikuwa yakilala nje chini ya maturubai, mvua ikiyaozesha. Mwenyekiti wa Ushirika, mzee wa Kihangaza, kabila la wenyeji wa Ngara, mwenye fimbo na suti ya kahawia, aliandika wilayani akiomba jengo. Sikuweza kumlaumu, nami kwetu tulikuwa na mahindi. Lakini nje upepo unafunga utepe mafundo na vumbi jekundu linaingia machoni. Bila bohari hakuna mchezo, na bila mchezo Keiko angepelekwa mkoa mwingine, wasichana wakarudi kusubiri halaiki mara moja kwa mwaka.

Afisa Utamaduni akaja na uamuzi. Ataleta Mkufunzi wa michezo kutoka Mwanza, mama aliyesomea kazi ya mwamuzi wa jimnastiki. Akipendekeza, bohari litakuwa kituo cha wilaya. Asipopendekeza, ufunguo utakwenda kwa Mwenyekiti siku hiyohiyo.

Asubuhi ya siku yenyewe, wageni wakiwa tayari wanakunywa chai ofisini, baba yake Kabula alifika kwa baiskeli, akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwalimu. Mtoto kalala zahanati. Malaria imempanda usiku, wamemtundikia maji."

Nilimpa pole, nikamuuliza hali yake. Akasema homa inashuka ila hawezi kusimama. Nikaingia boharini na kuwakuta wanne wamekaa kwenye zulia, Anitha analia. Mchezo wa watano hauchezwi na wanne. Mpira wa Yudita ungeruka na kukosa mtu.

Keiko alikuwa kwenye benchi, amevaa koti la michezo, zipu juu.

"Wewe unazijua nafasi zote tano," nilimwambia.

Akageuka mweupe kama chokaa. "Mimi ni mwalimu. Nyonga yangu mbovu. Na sheria..."

"Sheria gani? Hapa ni Kasulo. Vua koti."

Nilimwamrisha kama ninavyowaamrisha watoto, na sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Akafungua zipu polepole, akalikunja koti, akaliweka juu ya benchi.

Kaseti ikaanza. Bohari lilijaa: wazazi, wakulima wa Ushirika waliokuja kutazama ghala lao, Mkufunzi mezani na kalamu. Keiko akapanda zuliani, na mguu wake ulipoinuka juu ya kichwa watu walisogea mbele. Sikuwahi kuona mtu anayeujua mchezo namna ile. Nikafurahi, na hapo hapo nikakumbuka. Kabula ndiye anayewagawia wengine. Leo wanarushiwa na mwalimu.

Mpira wa kwanza ukaenda kwa Anitha. Mikono miwili, goti. Kalamu ya Mkufunzi ikaandika. Wa pili ukaenda kwa mwenzake. Mikono miwili, goti. Kalamu ikaandika. Walifanya hivyo wote, kwa mdundo, kila mara, bila kudondosha hata mpira mmoja, na mimi nilikuwa nakufa mlangoni. Halafu ikaja zamu ya Yudita kumrushia Keiko. Mpira ulipanda karibu na paa, ukashuka. Keiko, aliyepigwa fimbo utotoni ili asifanye hivyo, alinyoosha mikono yote miwili, akashusha goti mbele ya binti wa miaka kumi na minne, akaupokea. Kina mama wakapiga vigelegele hadi muziki haukusikika.

Mkufunzi alisimama mwishoni, naye macho yalikuwa na maji. "Nimeguswa," alisema, "lakini siwezi kuandika uongo. Makosa ya mikono ni mengi. Sipendekezi." Alikuwa mwadilifu, na hadi leo namheshimu kwa hilo. Afisa Utamaduni alitoa ufunguo mfukoni, akampa Mwenyekiti bila kututazama.

Mwenyekiti aliushika ufunguo, akatembea hadi katikati ya zulia na viatu vyake.

"Mimi sijui arama zenu," alisema, kila l ikigeuka r kwa lafudhi yake ya Kihangaza. "Kwangu nina wajukuu. Nikiwapa sahani, wananyakua. Hawa wamerushiwa vitu hewani, wanazunguka kama pia, na bado wanapokea kwa adabu. Na mwarimu wao mgeni anampokerea mtoto kwa adabu ireire. Nani kawafundisha?"

Alidhani tumepanga, nami sikuona sababu ya kumsahihisha.

"Mahindi yatarara majumbani kwetu msimu huu," akawaambia wakulima wake. "Tutajenga ghara retu. Ninyi watoto mtatubebea matofari." Akamrudishia Afisa Utamaduni ufunguo. Wakulima wawili walinung'unika, mmoja akatoka nje, lakini hakuna aliyempinga. Na matofali tuliyabeba kweli, shule nzima, hadi tukachoka kumshukuru.

Baada ya hapo nilipitia vituo vingi. Nilihamishiwa Lusahunga, ambako madereva wa malori waliokuwa wakielekea Rusumo walisimama kuwatazama wasichana wangu na ringi zao, hadi Mratibu Elimu Kata akaniita: "Mwalimu, unasababisha foleni." Nikapelekwa Biharamulo mjini kusimamia michezo ya shule, nikafanya kazi chini ya maafisa watatu, mmoja mvivu na wawili wachapakazi. Nilistaafu nikiwa na magoti yote mawili mazima, jambo ambalo watu wa kazi yetu hawalipati kirahisi. Nimesomesha wanangu. Nimezeeka nikisalimiwa njiani na wanawake wazima wanaojinyoosha mgongo wakiniona. Namshukuru Mungu, nawashukuru na mabosi wangu, hata yule mvivu, maana aliniachia nafasi ya kufanya kazi.

Vijana huniuliza wakati gani ulikuwa mzuri kuliko yote. Wanategemea nitaje vigelegele vya bohari. Mimi huwaambia ni mchana wa siku ile ile, baada ya wageni kuondoka.

Tulikwenda zahanati, mimi na Keiko, tumebeba uji kwenye chupa. Karibu na lango Keiko akasimama na kuniambia kitu ambacho nadhani hakuwahi kumwambia mtu.

"Miaka yote ile kwenye benchi, kila asubuhi niliomba mmoja wao augue. Si kufa. Augue tu kidogo, nipate kucheza. Leo ombi limejibiwa."

"Na umefurahi?"

"Nikiwa juu ya zulia nilikuwa namwomba Mungu wenu Kabula apone."

Kabula alikuwa amelala upande, dripu mkononi, midomo mikavu. Alipotuona akajaribu kukaa atuamkie, tukamzuia. Keiko akamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Baada ya vijiko vichache mtoto akauliza, kwa sauti ndogo lakini yenye wivu:

"Mwalimu, nani kachukua nafasi yangu?"

"Mimi."

"Mipira ya Yudita, umeidondosha?"

"Sikudondosha."

Kabula akafikiri kidogo. "Basi nikipona, unanirudishia."

Keiko aliweka kijiko ndani ya bakuli. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka.

"Ni yako," alisema. "Nimekushikia tu."